Konstantino Alikuta Nyumba Imeshajengwa

Juzi tena. Nimemaliza kipindi cha historia ya Kanisa, nakusanya karatasi zangu, mkono ukanyooshwa kutoka viti vya nyuma: "Mwalimu, lakini Ukristo si aliuanzisha Kaisari Konstantino wa Roma kule Nikea?" Kijana wa watu hakuwa mkorofi. Alisikia kwenye mhadhara, akaona na video, akaamini. Swali hili nimelijibu darasani, kwenye daladala, hata msibani. Leo naliandika.

Miaka kwanza, tena haraka. Mwaka 311 Kaisari Galerius, aliyekuwa mtesaji mkubwa wa Wakristo, alitoa amri waachwe waabudu. Mwaka 313 Konstantino na Kaisari mwenzake Licinius walikubaliana Milano kwamba kila mtu afuate dini aitakayo, na majengo na mashamba ya Wakristo yaliyotaifishwa yarudishwe. Yarudishwe! Harudishiwi mtu kitu ambacho hakuwa nacho. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, 325, ulikaa kwa sababu ya Ario, padre wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana ameumbwa. Ukashughulikia na tarehe ya Pasaka. Orodha ya vitabu vya Biblia haikupangwa pale. Aliyeufanya Ukristo kuwa dini ya dola ya Roma ni Kaisari Theodosius, mwaka 380, Konstantino akiwa kaburini miaka 43. Kuruhusu dini ni jambo moja, kuilazimisha kwa sheria ni jingine, na kati ya hayo mawili kuna miaka 67 ambayo watu wanaimeza kama tonge.

Lakini kinachoniuma hasa ni hiyo karne mbili na ushee ya kabla ya Konstantino, inayofutwa kana kwamba hapakuwa na watu.

Karibu na mwaka 112, Plinius, gavana wa Bithinia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trajan barua ya mtu aliyekwama. Wakristo wameshtakiwa kwake, naye hajui awafanyeje. Ni wa kila umri na kila tabaka, wanaume kwa wanawake, na imani yao imeshavuka miji ikaingia vijijini na mashambani. Mahekalu ya miungu yalikuwa yamebaki karibu matupu. Nyama ya wanyama waliochinjwa kwa sadaka ilikuwa haipati wanunuzi. Hapo ndipo huwa nawaambia wanafunzi wasimame wasome tena: gavana mpagani, asiye na sababu ya kuwapamba Wakristo, anahesabu nguvu yao kwa soko la nyama.

Ili apate ukweli, akawatesa wajakazi wawili ambao wenzao waliwaita wahudumu. Watumwa, wanawake, na wana daraja la huduma katika jumuiya yao. Hakukuwa na jeshi wala hazina nyuma yao. Walikutana alfajiri, wakamwimbia Kristo, wakaapa kutoiba na kutozini, wakaenda kazini.

Imani ilitembea hivyo, kwa miguu ya watu wa kazi. Prisila na mumewe Akila, tunaowasoma katika Agano Jipya, walishona mahema. Walipofukuzwa Roma wakahamia Korintho, kisha Efeso, na huko kanisa likakutana nyumbani kwao. Kule Dura-Europos, Siria, kando ya Mto Frati, wachimbaji walikuta nyumba ya kawaida ambayo ukuta kati ya vyumba viwili ulivunjwa ili watu wapate pa kukusanyika, na chumba kingine kikawekwa kisima cha ubatizo. Mji ule uliangukia mikononi mwa Waajemi karibu na mwaka 256. Aliyewahi kusali jumuiya ndogondogo, viti vimeazimwa kwa jirani, hahitaji nimweleze zaidi. Na mwaka 251 Askofu Kornelio wa Roma aliandika kwamba Kanisa lake lina mapadre 46, mashemasi 7, na wajane na maskini zaidi ya 1,500 wanaotunzwa.

Sasa niseme na yale ambayo sisi walimu tunapenda kuyapitia juujuu. Mateso hayakuwa ya mfululizo. Yalikuja kwa vipindi, hapa na pale. Na wengi walishindwa. Kaisari Decius alipoamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu, kila aliyetii alipewa cheti. Huko Misri vimepatikana zaidi ya 40, vimeandikwa kwenye karatasi za mafunjo: mwombaji anasema ametoa sadaka siku zote, na sasa mbele ya maofisa amemwaga kinywaji na kuonja nyama. Sipriano, askofu wa Karthago, aliandika kwa uchungu juu ya waumini waliokimbilia sadaka, na wengine waliopata vyeti kwa hongo. Ile hesabu inayotajwa, kwamba kufikia mwaka 300 Wakristo walikuwa sehemu moja ya kumi ya watu wa dola, ni makadirio ya wataalamu, maana hakuna sensa iliyouliza dini. Nakubali pia kwamba baada ya 313 fedha na heshima ya Kaisari ziliongeza kasi, na wapo walioingia kwa maslahi.

Ila kuanzisha, hapana. Tarehe 17 Julai 180, Karthago, Afrika Kaskazini, wanaume saba na wanawake watano walisimama mbele ya liwali Saturninus. Akawauliza wana nini kwenye kasha lao. Speratus akajibu: vitabu, na nyaraka za Paulo, mtu wa haki. Wakapewa siku 30 za kufikiri, wakazikataa, wakakatwa vichwa. Konstantino alizaliwa miaka tisini hivi baadaye.