Nyumba ya likizo Pwani wakati soko limelala: tunayoambiana Nairobi, na yalivyo

Chama chetu cha kuwekeza pamoja kina wanachama kumi na mmoja, na tangu mwaka juzi ajenda moja haijatoka mezani: tununue nyumba ya likizo Diani, ufukweni kusini mwa Mombasa, au tuendelee kupanga? Kila tukikutana kuna anayefika na picha kwenye simu. Vyumba vitatu, bwawa la kuogelea, mnazi ulioinamia maji, na chini yake maneno "inauzwa kwa dharura". Soko limelala, wanasema, asiyenunua sasa atajuta. Mimi ndiye mweka hazina. Fedha za watu zikiwa mikononi mwako huna budi kuuliza maswali ambayo wenzako wanaona yanachelewesha mambo. Nimewauliza mawakili, wathamini na watu wanaotunza nyumba za watu huko Kwale, na mengi tunayoambiana mezani sivyo yalivyo.

"Soko likishuka, nyumba zinauzwa kwa bei ya kutupa"

Picha hii tumeitoa Marekani. Huko bei zilianza kuporomoka baada ya 2006, na katika mji wa Las Vegas zilishuka kwa zaidi ya nusu kufikia 2012. Nyumba nyingi zilikuwa za mkopo, watu wakashindwa kulipa, benki zikazinyakua na kuzimwaga sokoni kwa mkupuo mmoja.

Kenya nzima ina mikopo ya nyumba ipatayo 30,000 tu. Mwenye nyumba Diani au Watamu aghalabu alijenga kwa fedha zake, chumba baada ya chumba, mwaka baada ya mwaka. Soko likilala hana benki inayombishia hodi, kwa hiyo anangoja. Kibao cha "inauzwa" kinakaa getini mpaka rangi inapauka, na bei iliyoandikwa ni ileile. Anayesoma matangazo peke yake atadhani hakuna kilichobadilika. Bei hushukia kwenye mazungumzo, nyumba ikishakaa miezi minane bila mnunuzi na mwenyewe amechoka kumlipa mlinzi wa nyumba asiyoilala. Ndiyo maana siku hizi swali langu la kwanza kwa dalali ni nyumba imekuwa sokoni tangu lini. Ukiona anababaika, umeshapata nusu ya jibu.

"Basi twende mnadani"

Mnada una sheria zake, na zinamlinda mkopaji zaidi ya wengi wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, benki humpa mdaiwa notisi ya miezi mitatu, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na dalali wa mnada naye humpa siku 45 za kuikomboa mali yake. Tena sheria inaitaka benki ipate bei bora inayowezekana. Nyumba ikienda kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba benki imekiuka wajibu huo mpaka yenyewe ithibitishe vinginevyo. Kwa maneno mengine, nyumba uliyoipata kwa bei ya kushangaza ndiyo inayoweza kukufikisha mahakamani. Na kwa kawaida utatakiwa uweke robo ya bei siku hiyohiyo, salio ndani ya siku 90, huku mwenyewe bado anaishi ndani.

"Kupanga ni kutupa pesa"

Hii ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Tuchukue nyumba ya shilingi milioni 12 iliyo ndani ya manispaa. Ushuru wa stempu, unaolipwa mali ikihamia kwa mwenye mpya, ni asilimia 4, yaani 480,000, kabla hujamlipa wakili wala mthamini. Weka mlinzi na mtunza bustani, kila mmoja 20,000 kwa mwezi: kwa mwaka ni 480,000 nyingine. Kiasi kilekile cha ushuru wa stempu, ila hiki kinarudi kila mwaka, uende Diani usiende. Sasa chukua familia inayopanga nyumba ya 15,000 kwa usiku, wiki moja Aprili, wiki moja Agosti, wiki moja Desemba. Siku 21 ni 315,000. Mishahara ya watu wawili pekee imeshaizidi kodi yote ya mwaka.

Na hizo milioni 12 nazo zingekuwa zinafanya kazi mahali. Februari 2024 serikali iliuza hati fungani ya miundombinu kwa riba ya takriban asilimia 18.46, isiyotozwa ushuru. Kwa milioni 12 hiyo ni zaidi ya milioni 2.2 kwa mwaka. Riba zimeshuka tangu hapo, lakini hata nusu yake ingetulipia likizo zote tatu na chenji ikabaki.

Mei mwaka jana nilikwenda kupanga mojawapo ya nyumba zilizokuwa zikiuzwa, siku tisa, kwa fedha yangu mwenyewe. Masika yalikuwa yamekolea. Nilifika jioni, nikamwamkia mzee anayeitunza, akaniitikia na kunipa ufunguo. Ukagoma. Akauchukua, akauingiza, akauinua kidogo huku akisukuma mlango kwa bega, mlango ukafunguka.

"Mwanangu, hiki ni kitasa cha tatu tangu mwaka juzi," akaniambia. "Chumvi inakula chuma. Nimemwambia tajiri alete cha shaba, hajaleta."

Asubuhi nilimwomba anionyeshe daftari lake la matumizi, na kwa ukarimu wake akanionyesha. Pampu ya kisima imetengenezwa mara mbili. Boza la maji, kwa kuwa maji ya kisima yana chumvi na hayafai kupikia. Dawa ya mchwa. Makuti ya upande wa baraza, ambayo hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Wavu wa dirisha la jikoni uliochanwa na tumbili. Kiyoyozi cha chumba cha wageni kilikuwa kimeoza mgongo, ukikigusa kinamomonyoka kama mkate mkavu. Usiku wa tatu, mvua ilipopiga kutoka baharini, nilihamisha kitanda. Hakuna picha ya tangazo iliyokuwa na hata kimoja cha vitu hivyo, na sikuvijua kwa sababu mtu aliniambia. Nilivijua kwa sababu nilipanga. Ile kodi ya siku tisa ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote ambazo chama kimewahi kuona, na haikutoka hata mfukoni mwake.

Kupanga nako kuna hatari zake, nisizifiche. Desemba moja nililipa amana ya shilingi 20,000 kwa nyumba ya Nyali, Mombasa, niliyoiona mtandaoni. Tulipofika na watoto na masanduku, mama aliyetufungulia geti alibaki ametukodolea macho: picha zilikuwa za nyumba yake kweli, ila aliyezibandika hakumjua. Tangu hapo silipi kabla ya simu ya video. Namwomba mtu atembee kutoka getini mpaka jikoni na afungue bomba nikiona. Tapeli hukata simu.

"Itajilipa yenyewe, tutaipangisha wageni"

Kaskazi ikivuma na shule zikifungwa, ndiyo, nyumba hujaa. Desemba hata tiketi ya treni ya Mombasa ni ya kugombania. Lakini Mei ufuo huwa mtupu, na hata hoteli baadhi hufunga ili zifanye ukarabati. Tena mapato ya Pwani hukauka yote kwa pamoja. Mei 2014 kampuni za watalii za Uingereza ziliwarudisha wateja wao kwa ndege kutoka Mombasa baada ya onyo la usalama. 2020 korona ikafunga kila kitu. Halafu kuna jambo ambalo sijalisikia likisemwa mezani petu: soko la nyumba likilala kwa sababu watu wa Nairobi hawana fedha, wale uliotegemea waje kukupangia ni walewale.

Usisahau leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii na tozo ya utalii ya asilimia 2. Ukiamua kumpangisha mkaazi wa kudumu badala ya wageni, na kodi anayokulipa kwa mwaka ikiwa kati ya 288,000 na milioni 15, mamlaka ya mapato, KRA, inachukua asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Hiyo inakatwa kwenye kodi yote uliyopokea. Makuti, pampu na mshahara wa mzee haviondolewi kwanza.

"Ukishapata hati miliki, umemaliza"

Hapa naomba nisikilizwe kwa makini, kwa sababu ardhi ya Pwani ina historia nzito ya maskwota, wamiliki wanaoishi mbali na hati zinazogongana.

Sachi rasmi, yaani upekuzi wa kumbukumbu kwenye usajili wa ardhi, inakuonyesha jina la mwenye hati na kama kuna rehani au zuio. Haikuonyeshi nani analima nyuma ya ua. Mtu akikaa wazi kwenye ardhi yako kwa miaka 12 bila ruhusa yako na bila wewe kuchukua hatua, anaweza kwenda mahakamani kudai iwe yake. Nyumba ya likizo inayofunguliwa mara mbili kwa mwaka, na ploti ya pembeni isiyo na ua, ndiyo mazingira yenyewe. Watembelee majirani, uliza mipaka, uende na mpima ardhi.

Ufuo nao hauuzwi. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, kwa hiyo anayekuahidi "ufuo binafsi" anakuuzia kitu ambacho si chake.

Ukinunua kwa mgeni, na Malindi na Watamu wako Waitaliano wengi wanaouza, kumbuka kwamba asiye raia anamiliki kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Aliyekuwa na umiliki mrefu zaidi alipunguziwa ukawa miaka 99 kuanzia tarehe 27 Agosti 2010. Wakili akwambie unanunua nini hasa na imebaki miaka mingapi. Na ardhi ikiwa ya kilimo, hata kama nyumba imeshajengwa juu yake, ridhaa ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi iombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila ridhaa hiyo mauzo ni batili.

Mwenzetu mmoja alipendekeza tuachane na bahari, twende Naivasha. Nilimkumbusha mwaka 2020, ziwa lilipopanda na watu wa mtaa wa Kihoto wakahama majumbani mwao. Kabla ya kununua kando ya ziwa, uliza maji yalifika wapi mwaka ule.

"Benki itatupa mkopo nafuu"

Unafuu wanaoutaja ni wa ushuru kwa riba ya mkopo wa nyumba. Huo, ambao tangu mwisho wa 2024 unafika shilingi 360,000 kwa mwaka, ni wa nyumba moja unayoishi. Ya likizo haimo.

"Tukikosea, tutauza"

Kwa nani? Soko lililokupa bei nzuri ndilo utakalouzia. Na ukipata faida, tangu Januari 2023 anayeuza hulipa asilimia 15 ya faida hiyo. Zamani ilikuwa 5. Ushuru wa stempu ulioulipa ukinunua haurudi mfukoni.

Sisemi tusinunue kamwe. Mwenye nyumba ile ya kitasa bado hajapata mnunuzi, na mwezi uliopita tulimwandikia kupitia mzee: tutaipanga mwaka mzima kwa kodi ya chini, tutamlipa mzee mshahara wake, yeye atengeneze pampu, na kama tutainunua baadaye, bei iwe ile tutakayokubaliana sasa, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Alikataa, akapiga simu baada ya siku nne, akakubali yote isipokuwa pampu. Wakili anaandika mkataba. Tumeomba uanze tarehe 1 Mei, paa likiwa linavuja.