Taa ya nje imulike uwanja wako, sio dirisha la jirani

Malalamiko ya taa za nje tunayoletewa sisi wapimaji wa mwanga mengi yanafanana: mtu kafunga taa kubwa ya LED ukutani kwa ajili ya ulinzi, kaiinua kidogo ili ifike mbali, na jirani wa upande wa pili halali maana chumba kizima kinawaka usiku kucha. Ukimuuliza mwenye taa anasema mimi namulika kwangu tu, na kweli hana nia mbaya, ila mwanga wake umeshavuka uzio zamani.

Wengi wanadhani shida ni wati. Mara nyingi sio wati, ni taa imeelekezwa wapi. Taa ile ile ukiilaza kioo chake kikatazama chini kabisa inamulika ardhi na jirani haioni balbu, ukiinyanyua ikatazama mbele basi mwanga mwingi unaruka uwanja wako na kuingia kwenye madirisha ya watu na macho ya wapita njia. Ndo maana kanuni yoyote nzuri ya taa za nje inatakiwa ianze na hilo, chanzo cha mwanga kisionekane ukiwa nje ya mpaka.

Unaweza kujipima mwenyewe leo usiku bila kifaa. Simama mpakani, au dirishani kwa jirani akikuruhusu, uitazame taa yako. Ukiona ardhi imeangazwa, sawa. Ukiona balbu yenyewe inakuchoma macho, nyanyua kiganja uizibe hiyo taa tu, vingine uviache. Kama ghafla umeanza kuona geti, mti, au mtu aliyesimama karibu na taa, ujue hiyo taa ndo ilikuwa inakuficha hivo vitu. Mwanga mkali ukiingia jichoni unatawanyika ndani na kuweka kama ukungu juu ya kila unachotazama, na mboni nayo inajibana kwa hiyo sehemu zenye kivuli zinazidi kuwa nyeusi. Kwa wazee hali ni mbaya zaidi kwa sababu lenzi ya jicho inapoteza uangavu kadri umri unavyokwenda. Alafu jicho linahitaji kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa, kwa hiyo mlinzi anayetazamana na taa kali hawezi kuona vizuri pembeni penye giza, na mwizi anapataka hapo hapo. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wanatetea taa za kuchoma macho kwa jina la usalama wakati taa hizo zinawapofusha wenyewe.

Rangi ya mwanga nayo ina maana yake. Ndani ya jicho kuna seli ambazo kazi yake ni kuuambia ubongo kama ni mchana au usiku, nazo zinaitikia zaidi mwanga wa buluu, karibu na nanomita 480. Zikipata mwanga huo usiku mwili unapunguza melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. LED nyeupe kali ya kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) ina buluu nyingi, ya kelvini 2700 ina kidogo. Mimi kwa taa ya nje ya nyumbani sioni sababu ya kuzidi 3000, namba yenyewe imeandikwa kwenye boksi.

Tukija kwenye viwango, tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ina mwongozo wake namba 150 wa mwaka 2017. Unapendekeza mwanga unaoangukia dirishani kwenye makazi ya pembezoni mwa mji usizidi luksi 10 jioni (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali) na luksi 2 baada ya saa ya usiku iliyopangwa ya kupunguza taa, vijijini 5 na 1, katikati ya miji mikubwa 25 na 5. Mbalamwezi ya mwezi mpevu haifiki hata nusu luksi, kwa hiyo utaona hivyo viwango sio vya kumbana mtu.

Kuna kanuni za zamani zinazoweka kikomo cha wati peke yake na hizo zimepitwa, LED ya wati 9 inatoa mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60. Kikomo kiwe cha lumeni, yaani mwanga unaotoka kwenye taa, na cha luksi dirishani. England na Wales walipita njia nyingine, sheria yao ya mwaka 2005 iliingiza mwanga wa taa kwenye orodha ya kero pamoja na kelele na moshi, afisa wa halmashauri anaweza kumwamuru mwenye taa aiondoe hiyo kero. Ufaransa kwa agizo la Desemba 2018 taa za kupamba kuta za majengo zinatakiwa zizimwe ifikapo saa 7 usiku. Kwangu vyote viwili vinahitajika, namba ya kupimia na afisa mwenye nguvu ya kuamuru.

Kabla ya kufika huko lakini, kama wewe ndo unayemulikwa, muite jirani yako mwenye taa usiku aje asimame chumbani kwako aone mwenyewe, wengi wakishaona wanageuza taa kesho yake. Mengine ya kufanya ni kuweka kofia ya kuziba mwanga pembeni, taima ya kuizima, au sensa, kile kifaa cha kuwasha taa kitu kikipita, iliyolengwa ndani ya uwanja, sio barabarani, maana ikitazama barabara itawaka na kuzima kila gari likipita na hiyo inakera kuliko taa inayowaka muda wote.

Ikishindikana, nenda kwenye mamlaka na maandishi: tarehe, saa ilipowashwa na kuzimwa, ni dirisha lipi. Picha ya simu usiitegemee sana, kamera inajirekebisha yenyewe na inaweza kuukuza au kuupunguza mwanga. Omba mpimaji aweke kifaa wima dirishani kikitazama taa, apime ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, atoe tofauti, na aje usiku.