Je, wajua kwa nini kitunguu hutoa majani mazuri kisha kikakataa kuvimba?

Umeandaa tuta, ukatia samadi, ukapandikiza miche kwa mstari na kumwagilia bila kukosa. Miezi mitano baadaye majani yamesimama wima, ya kijani ya kupendeza, lakini ukifukua udongo kidogo kwa kidole unakuta shingo nene tu, kama ya kitunguu majani. Kitunguu chenyewe hakipo. Wengi hapo huulaumu udongo, wengine mbolea, wengine mikono yao. Mara nyingi vyote hivyo havina kosa. Mmea ulikuwa unangoja saa za mwanga ambazo hazikufika.

Ili kuelewa, chukua kitunguu kilichokomaa ukipasue katikati, kutoka shingoni hadi mizizini. Chini kabisa utaona kisahani kigumu, chembamba. Hilo ndilo shina lake, lote. Juu ya kisahani hicho yamejipanga magamba meupe yenye maji, moja ndani ya jingine, na kila gamba la nje ni kitako cha jani lililokuwa juu ya ardhi. Kwa hiyo kitunguu si tunda wala mzizi. Ni majani yaliyoacha kurefuka na kuanza kuweka akiba ya sukari kwenye vitako vyake. Kitunguu kilichopata majani kumi kabla ya kuanza kuvimba kina nafasi kubwa ya kunenepa kuliko kilichopata manne. Swali la maana, basi, ni nini kinachouambia mmea kwamba sasa ni wakati wa kuacha majani na kuweka akiba.

Jibu ni urefu wa mchana. Kila aina ya kitunguu ina kiwango chake. Aina za siku fupi huanza kuvimba mwanga wa mchana unapofikia saa 10 hadi 12, aina za kati husubiri saa 12 hadi 14, na aina za siku ndefu hazisogei mpaka zipate saa 14 au zaidi. Sasa tazama ramani. Kwenye ikweta mchana ni wa saa 12 na dakika chache mwaka mzima. Kwenye latitudo ya nyuzi 30, mchana mfupi kabisa una saa 10 na ushei, na mrefu kabisa una saa 14 hivi. Kwenye nyuzi 50, mchana hucheza kati ya saa 8 na saa 16. Anayeishi karibu na ikweta akipanda mbegu ya siku ndefu atavuna majani mpaka achoke. Na anayeishi mbali kaskazini au kusini akipanda mbegu ya siku fupi wakati siku zinarefuka, ishara itaufikia mche ungali na majani manne matano, naye atavuna vitunguu vya ukubwa wa gololi. Mbegu zote mbili ni nzima. Zimepandwa tu mahali ambapo jua halizungumzi lugha yao.

Jambo hili halikujulikana hadi Wamarekani wawili, Wightman Garner na Harry Allard, waliposhangazwa na tumbaku. Aina moja iitwayo Maryland Mammoth ilikuwa ikirefuka shambani majira yote ya joto bila kutoa ua hata moja, kisha ikichanua ndani ya banda la kioo majira ya baridi. Walijaribu joto, maji na mbolea, bila mafanikio. Mwishowe wakaanza kuingiza mimea kwenye kibanda cha giza kila siku kabla jua halijazama, ili ione mchana mfupi. Ikachanua katikati ya majira ya joto. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1920, na tangu hapo wakulima wakaanza kuelewa kwa nini soya iliyopandwa kwa nyakati tofauti inaweza kuchanua karibu kwa pamoja.

Baadaye ikaonekana kwamba mimea mingi hupima giza zaidi ya mwanga. Mwaka 1938 Karl Hamner na James Bonner walionyesha kuwa gugu linalochanua usiku unapokuwa mrefu hukataa kuchanua likimulikwa kidogo tu katikati ya usiku huo. Kipimo chenyewe ni protini iliyomo ndani ya majani, fitokromu, ambayo hubadilika umbo kwa mwanga mwekundu na kurudi umbo la kwanza kwa mwanga mwekundu wa mbali, ule ambao macho yetu hayauoni vizuri. Mwaka 1952 watafiti wa Beltsville, Marekani, walimulika mbegu za saladi kwa rangi hizo mbili kwa kupokezana, mara nyingi mfululizo. Mulikano wa mwisho ndio uliokuwa ukiamua: ukiwa mwekundu mbegu zinaota, ukiwa mwekundu wa mbali zinabaki zimelala.

Hapa kuna somo la bustanini ambalo naona halisemwi vya kutosha. Jani hufyonza mwanga mwekundu na kuuachia ule wa mbali upite. Kitunguu kilichozingirwa na magugu, au kilichobanwa na wenzake, husoma mwanga huo uliochujwa kama dalili ya kuharakisha, kikaanza kuvimba mapema kikiwa bado na majani machache. Kwa hiyo magugu hayaibi maji na mbolea peke yake. Yanaivuruga saa ya mmea pia. Palilia mapema, miche ikiwa bado midogo, na uiachie nafasi ya kiganja kimoja hivi.

Mwanga si kalenda pekee. Baridi nayo huacha kumbukumbu. Kitunguu, karoti, kabichi na bitiruti ni mimea ya miaka miwili: mwaka wa kwanza huweka akiba, hupitia baridi, kisha mwaka wa pili huitumia akiba hiyo kutoa maua na mbegu. Mche mdogo wa kitunguu hauisikii baridi, lakini ukishakuwa mnene kuliko penseli, wiki kadhaa za joto lililo chini ya nyuzi 10 huufanya uamini kuwa mwaka umepita. Linatokea shina la ua, la mviringo na lenye uwazi ndani, likipita katikati ya kitunguu. Kulikata hakurudishi kitu nyuma. Kitunguu hicho kitumie mapema, kwa sababu ghalani kitaoza kuanzia kwenye kiini.

Miti ya matunda inayotoka nchi za baridi huenda mbali zaidi. Machipukizi ya mtufaha au mpichi hulala, na hayaamki kwa joto peke yake mpaka yamalize kwanza idadi fulani ya saa za baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi. Aina nyingi za tufaha huhitaji saa 800 hadi 1,000. Ni busara ya kuokoa maisha, maana mti usiohesabu ungechanua katika wiki ya kwanza ya joto na kuunguzwa na jalidi wiki inayofuata. Penye joto mti huohuo huamka ovyo, tawi moja likichanua na jingine likibaki tupu. Ndiyo maana ziko aina zilizozalishwa kwa ajili ya joto, kama Anna kutoka Israeli, ambayo hutosheka na takriban saa 300 au pungufu.

Nyanya haijali urefu wa siku. Yenyewe huangalia joto la usiku: likizidi nyuzi 24 hivi au likishuka chini ya 13, chavua hudhoofika na maua hupukutika.

Kwa hiyo kabla ya kununua mbegu, soma pakiti hadi maandishi madogo na utafute kama aina hiyo ni ya siku fupi, ya kati au ndefu. Pasipoandikwa, uliza. Kisha hesabu kurudi nyuma: ujue mchana wa kwako utafikia lini kiwango cha aina hiyo, na uhakikishe miche iko ardhini miezi miwili au mitatu kabla, ijenge majani. Samadi na mbolea za kukuza majani zitangulie, kwa sababu zikitiwa wakati kitunguu kimeshaanza kuvimba hukichelewesha na kuiacha shingo nene.

Ukifika wakati wenyewe utaujua kwa kushika. Shingo iliyokuwa ngumu hulainika kati ya vidole, kwa kuwa jani jipya haliingii tena katikati yake. Siku chache baadaye majani huanguka yenyewe, yakiwa bado na ukijani. Nusu ya tuta ikishalala hivyo, acha kumwagilia.