Kipokezi hakizibwi kila mara

Nimesikia tena, safari hii kutoka kwa mtu anayeugua kipandauso kwelikweli, kidonge cha sumatriptani kikiwa kiganjani: "Hii inaziba vipokezi vya maumivu kwenye ubongo." Sentensi moja, makosa mawili.

Kipokezi ni protini, mara nyingi iliyokaa kwenye utando wa seli, ikisubiri kemikali inayolingana na umbo lake. Zikishikana, seli hubadili mwenendo. Basi.

Neno limetoka kwenye kupokea, na kupokea hakusemi kilichopokelewa kitaleta nini. Aliyepokea barua kapokea tu. Ndani yaweza kuwa msiba, yaweza kuwa harusi. Ndiyo maana "vipokezi vya maumivu" hunikera hapa: huyapa maumivu kitu ambacho mara nyingine huyazuia.

Tazama ncha ya neva ya trijemina, ile ya uso, mahali inapofikia tando zinazofunika ubongo. (Nyama ya ubongo yenyewe haihisi maumivu, tando hizo na mishipa yake ya damu ndizo huhisi.) Shambulio la kipandauso likianza, ncha hiyo humwaga peptidi (kipande kifupi cha protini) iitwayo CGRP. Nayo hunasa kwenye vipokezi vyake, katika kuta za mishipa ya damu na kwenye neva za jirani. Mishipa hutanuka, neva huwa nyepesi kushtuka, na taarifa hupanda hadi shina la ubongo, kisha thalamasi, kituo cha kupitishia hisia ndani ya ubongo, mpaka kichwa kinapwita na mwanga wa dirishani tu unachoma macho. Kipokezi hiki kweli huchochea. Dawa ya erenumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, hukiziba.

Lakini kwenye ncha za neva hiyo hiyo kuna vipokezi vya kemikali nyingine, serotonini, aina ya 5-HT1D, ambavyo kazi yake ni breki: vikiamshwa, CGRP inayomwagwa hupungua. Wenzao wa 5-HT1B, walio kwenye mishipa ya damu, huifanya ibane. Sumatriptani haivizibi hivi, inaviamsha! Galkanezumabu, dawa nyingine ya kipandauso, nayo haigusi kipokezi chochote. Huikamata CGRP yenyewe kabla haijafika.

Kwa hiyo mwenye kidonge kile angesema "inaamsha vipokezi vya serotonini", na angekuwa sahihi. Ukimsikia mwingine akitaja vipokezi vya maumivu, muulize kwa upole: vinapokea kemikali gani?