Kabla hujapakia gari, uliza kinachoisha

Januari moja niliingia stoo ya makao ya watoto katika kata ninayoihudumia kama afisa ustawi wa jamii, na mlango ukagoma kufunguka wote. Sabuni ya unga ilikuwa imepangwa hadi usawa wa dirisha. Kulikuwa na katoni 14 za biskuti, mifuko ya sukari, na ndoo za plastiki zilizopachikana kama kofia. Vyote vilikuwa misaada iliyoletwa kati ya katikati ya Desemba na Mwaka Mpya. Huku nje mita ya umeme ilikuwa inalia, uniti zimebaki mbili. Mtoto mmoja mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, alikuwa amekosa kliniki wiki hiyo kwa kukosa nauli.

"Afisa, biskuti tunazo mpaka Pasaka," mama mlezi aliniambia, nusu anacheka.

Waliochangia walikuwa na nia njema kabisa. Ila hakuna aliyempigia mama yule simu kumuuliza: mama, nini kinaisha? Sisi tulio kwenye ustawi wa jamii tunaona mtindo huu kila mwaka. Desemba na Ramadhani magari yanapishana getini, kisha kimya. Kampuni inayogawa shilingi milioni moja kwa miezi kumi na miwili inasaidia kuliko ile inayoimwaga yote siku moja mbele ya kamera.

Wa kuulizwa wapo. Mwenyekiti wa mtaa anajua nyumba ipi jiko halijawashwa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anajua nani ameacha dawa. Afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri, na kumwona hakuna malipo. Kama unakwenda kwenye makao ya watoto, omba kwanza kuona leseni; Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inataka makao yawe nayo. Yasipokuwa nayo, tupe taarifa kabla hujashusha mzigo. Na picha za nyuso za watoto ziache. Mtoto wa leo atakuwa kijana wa kidato cha tatu kesho, na picha yake akipokea kandambili bado itakuwa inazunguka kwenye simu za watu.

Niseme na hili, japo wengine halitawapendeza: baadhi ya watoto ninaowakuta kwenye makao wana bibi, shangazi au mjomba ambaye angewalea kama angepata unga na sare za shule. Kumsaidia bibi ni bora kuliko kuongeza kitanda cha chuma kwenye bweni.

Mfano ninaoupenda ni wa akina mama kumi na wawili wa kikoba kimoja, yaani kikundi cha kuweka na kukopa. Kila mwezi kila mmoja anatoa shilingi 5,000, jumla 60,000. Hawanunui kitu. Fedha hizo wanampelekea Mangi, mwenye duka la mtaani, naye anafungua kurasa mbili kwenye daftari, moja ya bibi anayeishi peke yake, nyingine ya mzee aliyekatwa mguu. Kila mmoja ana 30,000 zake. Anakuja mwenyewe au anatuma mtoto wa jirani, anachukua unga, maharage, mche wa sabuni, kipimo cha mafuta, Mangi anaandika. Mwisho wa mwezi mweka hazina anapitia daftari. Hakuna usafiri, hakuna kinachoozea stoo, na duka la mtaa linauza.

Mwezi wa tatu wa mpango huo ugomvi ukazuka. Mzee alikuwa amechukua ugoro wa shilingi 500. Kikundi kikanuna, wakaniita niamue. Niliwaambia wamwache. Mtu mzima aliyepoteza mguu asipoteze na uamuzi wa mia tano. Hata serikali, kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), imekuwa ikitoa ruzuku ya fedha: kaya inajua shida yake.

Kwa wafanyabiashara, msaada mkubwa mara nyingi hauko kwenye bajeti ya misaada. Uko kwenye ajira na manunuzi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Ukihesabu ofisini kwako leo utapata wangapi? Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi hukopa, vikatengeneza sabuni ya maji au batiki, kisha vikakwama kwenye soko. Hoteli inayochukua lita 40 za sabuni kila mwezi, na kulipa kwa wakati, imekisaidia kikundi kuliko semina tatu za ujasiriamali. Nasisitiza hapo kwenye kulipa kwa wakati.

Michango kwa taasisi za hisani zinazotambuliwa kisheria inaweza pia kupunguza mapato yanayotozwa kodi, kwa ukomo wa asilimia 2 ya mapato ya biashara. Tunza risiti, umwone mhasibu wako.

Maafa yana utaratibu wake. Maporomoko ya tope yalipoikumba Katesh, wilayani Hanang, Desemba 3, 2023, watu zaidi ya 80 walipoteza maisha na familia nyingi zikabaki na nguo walizovaa. Siku kama hizo kamati ya maafa ya wilaya ndiyo inayojua kambi ipi imekosa nini. Mwenye lori atoe lori na dereva, mwenye kijiko, ile mashine ya kuchimbua, atoe kijiko na dizeli. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga usipeleke kwa uamuzi wako: mahali maji si salama, chupa huleta kuhara, na mama huacha kunyonyesha. Mpe mama chakula na maji safi.

Fedha ndogo ndogo zisidharauliwe. Mwaka 2011, ukame ulipoibana Turkana, kaskazini mwa Kenya, kampuni na vyombo vya habari vya huko vilishirikiana na Msalaba Mwekundu kuwachangisha wananchi kwa simu, kuanzia shilingi 10 za Kenya. Lengo la awali la shilingi milioni 500 lilivukwa.

Makao yale ya watoto sasa yana mlezi wa umeme, fundi matairi aliye jirani. Kila tarehe 15 anamtumia mama mlezi tarakimu 20 za LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwenye simu. Nilipopita mwezi uliopita nilikuta mita imetulia, na mtoto wa selimundu yuko kliniki. Sabuni ya unga bado wanaimalizia.