Nasisisti sio "mtu anayejipenda"

Juzi tena nimesikia dada wa watu anaitwa nasisisti, kisa kabadilisha gauni mara tatu kabla ya kwenda harusini. Jamani hapana. Nasisisti kwa kifupi ni mtu anayejiona yuko juu ya wenzake, anataka asifiwe muda wote na maumivu ya mwingine hayamgusi, na ikizidi inakuwa tatizo la kiakili ambalo daktari ndo anatakiwa alithibitishe, lipo kwenye mwongozo wa wataalamu wa Marekani tangu 1980.

Kinachonikera ni hiyo tafsiri ya "kujipenda". Kwetu ukisema fulani anajipenda unamsifia, yaani nguo zimenyooka, viatu vinang'aa, ananukia vizuri. Neno lenyewe limetoka kwa Narcissus wa hadithi za Wagiriki, kijana mzuri aliyeinama kunywa maji kwenye chemchemi akaona sura, akaipenda bila kujua ni yake, na kila akitaka kuishika maji yanatibuka sura inapotea. Angalia vizuri hapo. Hakupenda nafsi yake, alipenda kivuli chake, na kivuli hakionekani mpaka maji yatulie. Sasa nasisisti maji yake ni sisi.

Ndo maana mwanzoni wanavutia sana. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Delroy Paulhus alichapisha utafiti wa wanafunzi waliokaa kwenye vikundi wakakutana mara 7, na wale wenye tabia ya kujikweza mwanzoni walipendwa, kufika mwisho wenzao wameshawachoka.

Kuna kaka mmoja alikuja kuposa kwetu. Siku ya kwanza alimshika bibi mkono mpaka kwenye kiti, akakariri majina ya watoto wote, mama akasema huyu kalelewa. Miezi michache baadaye ndugu yangu akapata kazi aliyoisubiria mwaka mzima, tunapiga vigelegele sebuleni, yule kaka akaweka kikombe chini taratibu akauliza, "Kwani mshahara wenyewe shilingi ngapi?" Akanuna mpaka anaaga. Dakika ile watu walikuwa wanamtazama mtu mwingine, basi.

Wengi watakwambia alikuwa tapeli, alituigizia. Mimi naona sio hivyo. Tapeli anajua anachokuibia na akishapata anatokomea, lakini huyu ule uchangamfu aliufurahia kwelikweli, maana alikuwa anajiangalia kwenye macho ya bibi na akajiona mzuri. Kilichokuwa kimefichika nyuma ya ucheshi wote ule ni kwamba yule kaka hakuwahi kumuona bibi mwenyewe.

Kwa hiyo yule dada wa magauni matatu naomba mumuache. Alichokuwa anahangaika nacho ni zipu, na alipotoka chumbani kitu cha kwanza alichofanya ni kumfunga mdogo wake kilemba vizuri. Huyo anajipenda, kwa maana yetu ileile ya siku zote.