Lillian Gilbreth na Dhana Potofu Kuhusu Uhandisi wa Viwanda

Hapa Dar es Salaam, ukimtaja mhandisi wa viwanda, wengi humfikiria mtu mwenye saa mkononi anayewahimiza wafanyakazi waongeze kasi. Dhana hiyo inakanushwa na waanzilishi wa fani yenyewe, Wamarekani Frank Gilbreth na mkewe Lillian.

Frank alianza kazi akiwa fundi mwashi mwaka 1885, na alichokiona ndicho anachokiona leo yeyote apitaye penye ujenzi Mbagala: fundi anainama kuokota tofali, ananyanyuka, anainama tena kuchota udongo kwa mwiko, na kila mara anainua uzito wa kiwiliwili chake pamoja na wa tofali. Akabuni jukwaa linalopandishwa kadiri ukuta unavyokwenda juu, tofali zikiwa usawa wa kiuno, na miondoko ya kuweka tofali moja ikapungua kutoka 18 hadi 5 hivi. Ukuta ulipanda haraka zaidi kwa sababu mgongo wa fundi ulipumzishwa.

Dhana ya pili, ambayo binafsi inaniuma zaidi, ni kwamba Lillian alikuwa msaidizi tu wa mumewe. Kitabu chake cha mwaka 1914 kuhusu saikolojia ya uongozi kilitoka kwa jina la L. M. Gilbreth, kwa kuwa mchapishaji hakutaka ijulikane kuwa mwandishi ni mwanamke; mwaka uliofuata alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Brown. Frank alipofariki mwaka 1924, akamwachia watoto 11 na wateja wa kampuni yao ya ushauri wa viwanda, ambao baadhi yao walikataa kuendelea na mikataba, Lillian aliendelea na kazi, akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1935, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Taifa ya Uhandisi ya Marekani.

Wapo pia wanaodhani kwamba aliboresha majiko kwa kuwa alikuwa mpishi hodari. Upishi haukuwa kipaji chake. Alipofanya kazi na General Electric, kampuni ya Marekani ya vifaa vya umeme, aliwahoji wanawake zaidi ya 4,000 ili ajue sinki na jiko viwe na kimo gani. Rafu za mlangoni mwa friji, tunapopanga mayai, zinahesabiwa miongoni mwa ubunifu wake, sawa na pipa la taka la kukanyaga, ambalo nesi wa zahanati hulifungua kwa mguu, glavu zenye damu zikatumbukia ndani bila mkono wake kugusa kifuniko.